Mshale wa Hewa na Kiti cha Mashua

Jumapili, 3 Machi

Kwa taarifa ya vizazi vijavyo na ya yeyote atakayeokota daftari hili: leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, mbele ya mke wangu, paka wa jirani na ndoo ya maji ya kudekia, barometa imetundikwa rasmi kwenye ukuta wa sebule yetu. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ulipinda. Wa tatu aliupigilia mke wangu.

Ni chombo cha shaba, cha mviringo, kinafanana na saa iliyosahau kuhesabu. Nilikinunua pale shule ya wasichana ilipouza vitu vya maabara yake ya zamani. Kina mshale mmoja unaosogea wenyewe juu ya namba, elfu moja na ushei, kadiri hewa inavyotulemea. Maneno yaliyokuwa usoni yalikuwa ya kigeni, nikayabandikia karatasi: Dhoruba, Mvua, Geugeu, Shwari, Ukavu. Mke wangu aliyasoma yote, akanitazama.

"Wewe nakusoma hivyohivyo ukitoka kazini," akasema. "Tena bila msumari."

Kilikuja na kijitabu. Nimekaa nacho na kamusi majuma mawili. Kinasema samaki ana kifuko cha hewa tumboni. Hewa ya juu ikipungua uzito, kifuko kinatanuka kidogo, samaki anajua mvua inakuja, anakula kama mgeni wa harusini. Hewa ikizidi uzito anazama chini, ananuna, ndoano yako haitazami. Kwa hiyo mshale ukishuka, nenda. Ukipanda, kaa nyumbani.

Sasa niandike na sababu, kwa kuwa daftari halina haya. Baba Mkwe ana mashua ndogo ya mbao kwenye bwawa la maji ya mji. Ina viti viwili. Kimoja chake, kingine kilikuwa changu miaka sita, kila Jumamosi. Tangu mwaka huu uanze, kiti changu anakalia mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Ni kinyozi. Vinyozi hawafungi Jumamosi, hufunga Jumatatu. Basi siku ya kuvua ikahamishwa, ikawa Jumatatu. Miaka sita ya Jumamosi ilinyolewa kwa siku moja.

Na Baba Mkwe ametangaza kwamba mvua zikiisha anaacha kuvua. Magoti yamechoka. "Mashua nitampa mmoja," alisema. "Mashua ya wawili ni kesi. Atakayekuwa anaikalia ndiye ataichukua."

Jambo ni hilo tu. Nataka kiti changu.

Jumatatu, 4 Machi

1012 asubuhi. Nilichelewa kufungua duka langu la saa, nikakaa juu ya ukuta wa bwawa na fimbo yangu ya kuvulia. Wao walikuwa katikati ya maji, wanacheka. Sauti husafiri sana juu ya maji, lakini maneno hayafiki. Unapata kicheko peke yake.

Wao: sato kumi na mmoja. Mimi: mafua.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Wateja wawili. Mmoja alikuwa anauliza njia.

Jumapili, 10 Machi

Juma zima nimekuwa nikisoma mshale kila saa mbili na kuuandika. Nimegundua jambo ambalo kijitabu hakina! Saa nne asubuhi mshale uko juu, 1012 au 1013. Saa kumi alasiri umeshuka hadi 1009. Kila siku. Hata jana ambapo hapakuwa na wingu hata la kufutia miwani.

Wao huvua alfajiri mpaka saa tano. Yaani wanavua wakati mshale unapanda, samaki wanaponuna. Wale kumi na mmoja walikuwa bahati ya kipumbavu. Saa ya kuvua katika bwawa letu ni alasiri. Nimeligundua mimi, fundi saa, ambaye mwalimu wa sayansi alimtoa darasani kwa kuuliza maswali.

Jumatatu, 11 Machi

Alasiri, ukutani, peke yangu. Kambare watatu! Mmoja mrefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Nimewapitisha barabara ya vinyozi, ingawa si njia ya kwetu. Duka lake limefungwa, bila shaka. Nimewapitisha hivyohivyo.

Jumapili, 17 Machi

Chakula cha mchana kwa Baba Mkwe. Sote tulikuwepo. Kinyozi alikuwa amemnyoa mzee jana, kidevu kinang'aa kama sahani. Mimi miaka sita nilimtengenezea saa ya ukutani isiyowahi kukosea hata dakika, na hakuna aliyewahi kumwambia, "Mzee, saa yako imekupendeza."

Nikaeleza ugunduzi wangu. Nilichora na kidole kwenye kitambaa cha meza: huku asubuhi, hapa juu, huku alasiri, chini.

"Yaani ni hewa ndiyo inayowaambia?" akauliza Baba Mkwe.

"Hewa, Baba. Wana kifuko tumboni."

"Mimi pia ninacho," akasema Shemeji, mke wa kinyozi, "na hakijawahi kuniambia kitu zaidi ya njaa."

Wote wakacheka. Kinyozi hakucheka sana. Alinitazama kwa makini, akasema, "Kaka, hii ni elimu. Shikamoo mtaalamu." Nimekaa na hiyo shikamoo mpaka sasa ninapoandika na sijui kama alikuwa ananiheshimu au ananinyoa.

Jumatatu, 18 Machi

Wamehamia alasiri. Wote wawili. Kwa ugunduzi wangu, kwenye kiti changu.

Sato kumi na wanne.

Jumanne, 19 Machi

Mke wangu amekaanga wanne walioletwa na Shemeji. "Samaki wa mwanyumba wako watamu," akasema. Nikamwambia samaki wote ni wa bwawa moja, wanakunywa maji mamoja. "Basi ni mkono wake," akasema. Mkono wake! Aliwavua, hakuwalea.

Nilikula wawili.

Jumatatu, 25 Machi

Hawakwenda. Mshale asubuhi ulikuwa 1014, juu kuliko siku zote. Nilidhani mzee anaumwa, nikapita kumjulia hali. Mzima kabisa, anakata majani. "Mwenzako amesema leo hawali," akanijibu.

Amejuaje?

Jumatatu, 1 Aprili

Walikwenda. Mshale ulikuwa chini. Sato tisa na kambare mmoja. Kinyozi hana barometa. Kinyozi ana mikasi minne, mashine moja na kioo kilichopasuka pembeni. Juzi Jumamosi nilikwenda kunyolewa makusudi niangalie kuta zake zote. Hakuna.

Amenipunguza vizuri lakini. Hilo nalo linaudhi.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimejua.

Nilirudi nyumbani saa sita kuchukua bisibisi ndogo niliyoisahau. Mlango ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya barometa, simu sikioni, kidole juu ya kioo, anasoma kama mwalimu wa darasa la kwanza:

"Asubuhi ilikuwa kumi na mbili… ndiyo, elfu moja na kumi na mbili. Sasa imeteremka, iko kumi na moja, inaelekea kumi. Mwambie aende… Haya mdogo wangu. Asante, na yeye msalimie."

Nikakohoa. Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakushtuka.

"Huyo ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Anataka nini na mshale wangu?"

"Namsomea, naye anamwambia mumewe. Kila Jumatatu. Kwani ni siri? Ulitangaza mwenyewe mezani, ukachafua kitambaa cha mama."

"Nilitangaza kanuni. Sikutangaza namba!"

"Mume wangu," akasema taratibu, "ukuta ni wetu wote, msumari niliupigilia mimi. Kama hutaki usomwe, ungeutundika dukani."

Nikamwambia kwamba huyo mtu amechukua kiti changu, siku yangu, alasiri yangu, na sasa hewa yangu. Akaniuliza kama hewa nimeanza kuimiliki lini. Nikamwambia hajui thamani ya mashua ile kwangu. Akafuta kioo cha barometa kwa kanga, akasema anaijua sana. Anakumbuka Jumamosi nilizokuwa narudi nikiwa nimeungua pua, nazungumza mfululizo mpaka chakula kinapoa. Siku hizi nakuja nimenyamaza, naandika.

"Kamwambie Baba unakitaka kiti chako," akasema.

Kwenda kwa baba mkwe kuomba kiti kama mtoto anayeomba pipi! Nilirudi dukani. Nilisahau bisibisi mara ya pili.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kubwa. Maji yameingia dukani, saa tatu za mezani zimeoga. Nilikuwa nawaza tu kwamba sato wote wale, tangu mwanzo, walikuwa wangu. Mimi ndiye niliyewavua, kwa simu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nyuma ya barometa kuna skrubu ndogo. Ukiizungusha, mshale unahama. Ni ya kurekebishia. Fundi saa yeyote angeiona.

Naandika tu kwamba ipo.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi mke wangu alipokwenda sokoni nilizungusha skrubu robo mzunguko. Mshale ukapanda mpaka 1017, ukakaa kwenye Shwari kama mtu asiye na deni wala mkwe. Saa sita nilikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, nje, kwenye tope, nikamsikia anasoma: "Imepanda mno leo. Kumi na saba. Mwambie asijisumbue."

Saa nane nilikuwa kwa Baba Mkwe, nimebeba kopo la minyoo ya chambo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mwenzako amesema leo hawali."

"Mwenzangu hana chombo, Baba. Mimi ninacho. Leo wanakula."

Akanitazama, akatazama minyoo, akatazama tena mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Labda leo tupumzike tu, tunywe chai."

"Twende Baba. Kama zamani."

Hilo "kama zamani" ndilo lililomshinda. Akachukua kofia. "Haya. Lakini tusiende mbali. Tukae karibu na ukuta."

Nilikaa kwenye kiti changu. Nakiri, nilipapasa mbao. Kwa saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote walioko juu ya maji. Sikunyamaza. Nilimweleza kifuko cha samaki, nikamweleza safu za hewa, nikamweleza jinsi mtu anavyoweza kusoma mbingu kwa kipande cha shaba. Yeye alikuwa anaangalia ukingo wa mashua. Maji yalikuwa vidole viwili tu kutoka ukingoni, na bwawa lilikuwa limetulia kama chai kwenye kikombe. Nilisema hewa ikiwa nyepesi maji hujaa. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya mzee aliyevua kabla sijazaliwa.

Samaki hawakugusa. Hata mmoja.

Wingu lilitoka nyuma ya kilima bila kuaga. Upepo ukaja, halafu mvua, yote katika muda wa kufunga mshipi mmoja. Wimbi la kwanza liliingia ndani moja kwa moja. La pili likaleta la tatu. Nikainuka nichukue kopo la minyoo niteke maji.

"Kaa! Usisogee!" Sijawahi kumsikia Baba Mkwe akipaza sauti. "Kaa katikati, usipumue!"

Nikakaa katikati. Nikateka kwa kopo, minyoo yote ikaenda zake. Mzee anapiga kasia, magoti yake yale, uso wake umekuwa na rangi ya majivu, na mimi nawaza jambo moja tu: kwamba nilizungusha skrubu. Robo mzunguko. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, kisha juu yake. Ukuta ulikuwa hatua thelathini na haukuwa unakuja.

Halafu kamba ikaanguka mapajani mwangu.

Kinyozi alikuwa juu ya ukuta, amejifunga ncha nyingine kiunoni. Alikuwa ameona wingu akiwa nyumbani, akampigia mzee, simu haikupokelewa, akahisi yuko bwawani, akaja mbio na viatu vya plastiki. Akatuvuta. Akamkalisha mzee kwenye saruji, akamfunika shati lake.

"Pole, Baba." Kisha akanigeukia, bila kejeli yoyote, nimetafuta kejeli hiyo jioni nzima sikuipata: "Mwanyumba, umelowa."

Hata akiwa kifua wazi kwenye mvua alikuwa amechana nywele.

Jumanne, 23 Aprili

Baba Mkwe ana homa na kikohozi.

Nimemwambia mke wangu habari za skrubu. Alikuwa anakata vitunguu. Hakuacha kukata.

Jumatano, 24 Aprili

Maneno ya mke wangu kwangu leo, yote: "Chumvi ipo pale."

Alhamisi, 25 Aprili

"Sogea."

Ijumaa, 26 Aprili

Nimekwenda kumwona mzee. Kinyozi alikuwepo, anamnyoa kitandani, taratibu, amemwekea taulo shingoni. Nilisimama mlangoni. Ule wivu wangu niliuita, ukaja, lakini ulikuja umechoka. Alimshika kidevu kama mtu anayeshika yai.

Nikawaambia wote wawili. Skrubu, dirisha la jikoni, tope, yote. Kinyozi alisimamisha wembe.

"Ili mimi nisiende?"

"Ili usiende."

"Kaka, ungeniambia tu. Ningekaa nyumbani. Mimi kule naenda kwa ajili ya mzee, samaki wenyewe siwajui. Ananiambia tupa pale, natupa pale. Ananiambia vuta, navuta."

"Na mshale?"

"Mke wangu ananiambia dada kasema twende, naenda. Dada kasema tusiende, siendi." Akaendelea kunyoa. "Mimi nilidhani unatusaidia."

Baba Mkwe alikuwa amefumba macho. Sijui alikuwa amelala au ananisetiri.

Jumatatu, 29 Aprili

Mke wangu amerudi kusema sentensi nzima. Ya kwanza ilikuwa: "Kipeleke hicho chombo mahali kikarekebishwe, usikiguse wewe."

Jumanne, 30 Aprili

Nimekipeleka kituo cha hali ya hewa, kile cha uzio mweupe na vikombe vinavyozunguka juu. Karani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikirudisha mahali pake kwa nusu dakika. Nikamwonyesha daftari langu la namba, siku hamsini, kila saa mbili. Aliligeuza kurasa kwa heshima.

"Umefanya kazi safi," akasema. "Hii hapa saa nne juu, saa kumi chini. Umeiona mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ndiyo saa samaki wanakula."

"Baba, hiyo ipo kila siku. Kwenye nchi zote za joto. Jua linaipasha hewa, hewa inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Unaweza kurekebishia saa." Akavua miwani. "Kijitabu chako kimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwao mshale ukishuka hivi kuna jambo linakuja. Kwetu ni alasiri tu imefika."

"Na dhoruba ya juzi?"

"Zile zinazaliwa hapohapo kilimani. Mshale hauna habari nazo."

Nimetengeneza saa miaka ishirini na mbili. Nimetundika ukutani saa nyingine, nikaiita sayansi.

Jumamosi, 4 Mei

Manyunyu. 1011. Naandika kwa mazoea.

Jumatatu, 6 Mei

Mzee ameamka, anatembea uani. Kinyozi alikuja dukani na saa yake ya mkononi, imesimama. Haikuwa na kasoro, haikutiwa ufunguo tu. Nadhani alijua. Tulikunywa chai. Anasimulia vizuri, huyu mtu. Kumbe vile vicheko vya katikati ya maji vilikuwa hadithi za wateja wanaosinzia kitini. Nilicheka mara mbili, ya pili bila kujizuia.

Kiti bado nakitaka.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya nne bila mvua. Baba Mkwe ametuita sote kwenye bwawa. Mashua ilikuwa imepinduliwa kwenye nyasi, imekauka. Akasimama kando yake, kofia mkononi, akasema anampa kinyozi.

Shemeji akapiga kigelegele. Kinyozi akaangalia chini. Mke wangu akanishika kiwiko, na nadhani ni hicho kiwiko kilichonipa ujasiri.

"Baba," nikasema, "kwa heshima zote. Kwa yale ya skrubu nastahili, sibishi. Lakini kwenye kiti uliniondoa kabla ya barometa. Kabla sijakosa lolote. Nilikukosea nini?"

Mzee aligeuza kofia mara mbili. Alimtazama binti yake, kama anayeomba msaada, binti yake akatazama bwawa.

"Mwanangu," akasema, na hajawahi kuniita hivyo, "hukukosea kitu. Mkwe ni mkwe. Mtu hawezi kumtazama mkwe wake akamsema mwili. Nilishindwa kukuambia. Siku unaoa ulikuwa mwembamba. Binti yangu anapika vizuri."

Akainama kwa tabu, akaonyesha kibati alichopigilia fundi chini ya kiti, ndani ya mbao, kimeandikwa kwa msumari. Mashua inabeba kilo mia na hamsini.

Tuliporudi tulipitia kwa muuza nafaka, sisi wanaume watatu tukapanda mmoja mmoja kwenye mizani yake. Baba Mkwe ana kilo sabini na mbili. Kinyozi ana sitini na moja. Mimi nina mia moja na tatu.